Bibanja vilivyomezwa na mji wa Bukoba

Mgeni anayeingia Bukoba kwa barabara ya Muleba hupata taabu kujua mji umeanzia wapi. Migomba humpokea Kemondo na kumsindikiza njia nzima. Anapodhani bado yuko shamba, anakuta kituo cha mafuta, kibanda cha wakala wa fedha na bodaboda zimejipanga chini ya mwembe. Akisema sasa nimefika mjini, migomba inarudi tena, mibuni ikiwa chini yake na bati la nyumba likichungulia kwa ndani. Hali hiyo ina sababu yake. Miji mingi ya Tanzania ilifyeka pori ikajenga. Bukoba ilipanuka kwa kuingia katika vijiji vilivyokuwa vimejaa watu, vyenye mipaka inayojulikana, vyenye makaburi ya mababu na miti iliyopandwa na watu ambao majina yao bado yanatajwa.

Leo Manispaa ya Bukoba ina kata 14, na nyingi kati yake zina majina ya vijiji vya zamani vya Wahaya: Rwamishenye, Hamugembe, Kibeta, Kitendaguro, Ijuganyondo, Nyanga, Nshambya, Kahororo, Buhembe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu karibu 129,000 ndani ya manispaa, na ile ya 2022 ikawafikisha karibu 145,000. Wengi wao hawaishi katikati, penye maduka na ofisi. Wanaishi katika hivyo vijiji ambavyo kwenye karatasi si vijiji tena.

Kwa umri, mji ni mdogo kuliko vijiji hivyo. Novemba 1890 Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, alifika ufukwe wa magharibi wa Ziwa Victoria akiwa na askari na wapagazi, akaanzisha kituo karibu na mahali Mto Kanoni unapoingia ziwani. Eneo hilo lilikuwa chini ya Mukotani, Omukama (mfalme) wa Kyamtwara. Lilikuwa tambarare, lina ufukwe wa kupandishia mitumbwi, na kwa jeshi linalotegemea ziwa hilo lilitosha. Emin hakukaa. Mwanzoni mwa 1891 aliondoka kuelekea kaskazini magharibi, na mwaka uliofuata akauawa Kongo. Kituo alimwachia ofisa wa Kijerumani, Wilhelm Langheld, na ndicho kilichozaa boma, gereza, soko na maduka. Jengo la Duka Kubwa, lililobaki kutoka enzi hizo, bado linasimama upande wa ziwani.

Watu wenyewe walikaa juu. Mwenye kuijua Buhaya, nchi ya Wahaya, anajua kwamba vijiji vyake havikai mabondeni. Vinakaa mgongoni mwa vilima, migomba imeshikana kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, na kati ya kijiji na kijiji hutanda rweya, nyasi za wote, mahali pa kulishia ng'ombe na kukatia nyasi za kuezekea msonge na kutandazia shambani. Ardhi ya Kagera upande wa ziwa haina rutuba nyingi kwa asili. Rutuba ya kibanja, shamba la migomba la familia, ilitengenezwa kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi, majivu, maganda ya ndizi na nyasi zilizobebwa kichwani kutoka rweya. Kwa hiyo kibanja cha Kitendaguro au cha Ijuganyondo kina udongo mweusi uliotokana na jasho la watu, na hatua chache nje ya migomba udongo unarudi kuwa mwekundu na maskini. Atakayeelewa jambo hilo moja ataelewa kwa nini mpimaji wa viwanja akisimama katikati ya migomba na chombo chake, mama mwenye kibanja hukaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kujibu salamu.

Kijiji kilikuwa na utawala wake. Mukungu aliangalia watu na kodi kwa niaba ya Omukama, na muharambwa alishika mambo ya ardhi na matambiko yake, kwa mila zilizotangulia tawala zilizokuja baadaye. Ulikuwepo pia unyarubanja, mfumo ulioacha machungu: Omukama aliweza kumpa mtu wake sehemu ya kijiji, na wenye bibanja waliokuwa humo wakajikuta watwana wanaotoa sehemu ya mavuno na kazi kwa bwana mpya. Wajerumani waliotawala kwa kuwatumia wafalme hawakuuondoa, na Omukama Kahigi wa Kianja, rafiki yao mkubwa, alipata nguvu na ardhi kuliko wenzake, zikiwamo sehemu zilizokuwa za Kyamtwara. Unyarubanja ulidumu mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipowapa watwana haki ya kumiliki. Wanakijiji wa pembezoni mwa Bukoba walikuwa tayari wanajua maana ya kuamka asubuhi na kuambiwa kwamba ardhi yako ina msimamizi mwingine.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zikaanza kuiunganisha Bukoba na bahari kwa njia fupi, na ngozi na kahawa zikapata soko. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka. Kituo cha askari kikawa mji. Vita Kuu ya Kwanza ilipita kwa kishindo: tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakashuka kaskazini ya mji, wakapigana kwenye vilima na katikati ya migomba, wakaharibu mtambo wa simu ya upepo, wakapora maduka na nyumba, kisha wakarudi walikotoka. Mwaka 1916 walirejea na safari hii wakakaa.

Chini ya Waingereza ulikuwepo mstari kwenye ramani ambao macho hayakuuona. Ndani yake ilikuwa Bukoba mjini, yenye viwanja, kodi za mji na mahakama za serikali. Nje yake ilikuwa nchi ya Omukama, yenye bibanja, mila na baraza la mukungu. Mtu wa Hamugembe aliweza kuteremka asubuhi akauza ndizi mjini kwa sheria moja, akapanda jioni akalala nyumbani chini ya sheria nyingine. Mstari huo ndio uliosogea katika miongo iliyofuata. Watu walibaki walipokuwa, mstari ukawapita juu ya vichwa.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1972 serikali iliondoa mabaraza ya miji kabisa, na kwa miaka kadhaa mji na mashamba vikaongozwa pamoja kutoka wilayani na mkoani. Ikaja Operesheni Vijiji, ambayo kwingine iliwahamisha watu kwa malori na nyumba zikachomwa. Buhaya haikuhamishwa kwa kiasi hicho, kwa kuwa watu walikwisha kukaa pamoja na mgomba na mbuni havibebeki. Kilichofanyika kwa sehemu kubwa ni kuchora mipaka na kuandikisha vijiji chini ya sheria ya 1975. Kisha, mwaka 1982, zikatungwa sheria mbili za serikali za mitaa, ya wilaya na ya miji, na ndani yake mna tofauti ambayo wananchi wengi hawakuiona hadi ilipowafikia mlangoni.

Tofauti yenyewe ni hii. Kijiji kina halmashauri yake na mkutano mkuu wa watu wazima wote. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Inaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo haina ukomo wa miaka, na jambo kubwa la ardhi haliendi bila kufikishwa mkutanoni. Mtaa hauna uwezo huo. Una mwenyekiti, una kamati, una mhuri unaotafutwa sana na wenye kuomba mikopo na barua za utambulisho, lakini ardhi haiko mikononi mwake. Ardhi ya mjini iko chini ya Kamishna wa Ardhi, inapangwa na halmashauri ya manispaa, na hati yake ina muda: miaka 33, 66 au 99. Mwenye hati hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa hiyo hata mjane ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya manispaa anaichangia kila mwezi taa yake inapowaka.

Kijiji kikiitwa mtaa, basi, mwenyekiti anaweza kuwa yule yule, ameketi kwenye benchi lile lile, akisuluhisha ugomvi ule ule wa mbuzi na mipaka. Kilichohama ni neno la mwisho kuhusu ardhi. Limeondoka kwenye mkutano wa watu wanaojuana, likaenda kwenye kikao cha wataalamu na madiwani katikati ya mji. Wengine wameshukuru, kwa kuwa mkutano wa kijiji nao ulikuwa na upendeleo wake, na mwanamke au mtoka mbali hakusikilizwa sana. Lakini ni hasara kubwa, na haifai kuichukulia kuwa suala la karatasi tu.

Hesabu ya viwanja huonyesha ukubwa wa mabadiliko. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Ikikatwa viwanja vya mita 400 kila kimoja, na barabara zikachukua nafasi yake, hutoka viwanja kama saba. Kibanja cha ekari moja kilichokuwa kikilisha familia matoke mwaka mzima, kikitoa kahawa ya ada ya shule, ndizi za pombe ya rubisi kwa ajili ya posa na misiba, maharage na magimbi chini yake, kinageuka kuwa nyumba saba zenye uzio. Kwa fedha, muuzaji anaweza kupata zaidi ya alichovuna kwa miaka mingi. Bei ya kahawa imekuwa ikipanda na kushuka bila huruma, na mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera kupitia Muleba katikati ya muongo wa 2000, umeacha mashamba yenye mapengo. Vijana wenye elimu wako Mwanza na Dar es Salaam. Anayeuza hauzi kwa ujinga.

Ukoo nao una neno lake. Kwa mila za Kihaya, ardhi ya ukoo haiuzwi ovyo kwa mtu wa nje, na mabinti hawakuwa na haki ya kuiuza kabisa. Mila hiyo ilifikishwa mahakamani na mwanamke aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwana wa ndugu yake alimshtaki. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki aliyo nayo mwanamume inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba. Uuzaji ukabaki halali, na ukoo ukapewa miezi 6 ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha zile 300,000. Hukumu hiyo husomwa hadi leo katika vyuo vya sheria Afrika nzima kama ushindi wa wanawake, na ni ushindi kweli. Kwa vijiji vinavyozunguka Bukoba ilikuwa pia dalili kwamba kizuizi kimoja kikubwa cha soko la ardhi kimelegea.

Kuna jambo ambalo pesa hailimalizi: makaburi. Mhaya huzikwa kwenye kibanja chake. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, wamelala babu, bibi, na watoto waliokufa wachanga. Ramani ya mipango miji haina rangi yake kwa ajili ya makaburi ya familia moja moja. Barabara ikipita hapo, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatoa utaratibu: notisi, uangalizi wa afya, mabaki kuzikwa upya. Lakini kwa kuwa mara nyingi ardhi huuzwa kwa hiari wala haitwaliwi na serikali, mnunuzi hujikuta na kaburi la watu ndani ya uzio wake, na wenye kaburi huomba ruhusa kuingia siku ya kumbukumbu. Baadhi ya familia zimekuwa na busara ya kutenga kipande kidogo chenye makaburi na njia ya kuingilia kabla ya kuuza kilichobaki. Jambo hilo lingefaa kuwa la kawaida katika kila mauzo, na maofisa ardhi wana nafasi nzuri ya kulisisitiza.

Mabondeni mambo yalikwenda njia nyingine. Kata ya Kashai na sehemu za chini za Hamugembe hazikusubiri wapimaji. Wahamiaji, wafanyakazi wa bandari na viwanda, wauza samaki na vijana waliotoka Muleba na Karagwe kutafuta maisha walinunua vipande vidogo au kupanga vyumba, na nyumba zikabanana hadi kwenye kingo za maji. Hatari ya kujenga hivyo ilionekana tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipoitikisa Kagera. Watu 17 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka, na Hamugembe ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata wanafunzi wakaondolewa. Ihungo ilijengwa upya na kufunguliwa rasmi Januari 2021. Mei 2024 mvua kubwa iliujaza Mto Kanoni na maji yakaingia majumbani. Mto huo zamani ulikuwa na nafasi ya kutanuka kwenye nyasi zake. Leo pande zote mbili kuna kuta.

Mji umejitahidi kupima na kugawa viwanja, na jitihada zenyewe zimezua moto. Kati ya 2012 na 2014 madiwani wa Bukoba waligawanyika vibaya kuhusu miradi ya viwanja, soko kuu na stendi, hata ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ukafanywa, na ripoti yake ikasomwa mjini hapo mwanzoni mwa 2014. Magazeti ya wakati ule yaliandika zaidi kuhusu nani ajiuzulu. Wenye bibanja vilivyokuwa ndani ya miradi hiyo walipata nafasi ndogo katika kurasa hizo, ingawa ndio waliokuwa na cha kupoteza.

Kumezwa kwa kijiji hakukuanzia hapa. Nchini kwa Emin Pasha, mji wa Berlin ulitungiwa sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 1920, na kwa siku moja ukaunganishwa na miji mingine 7, vijiji 59 na mashamba makubwa 27. Watu wake wakaongezeka hadi kukaribia milioni 4. Rixdorf, kijiji kilichopokea wakimbizi wa dini kutoka Bohemia mwaka 1737, kilikuwa kimekwisha kuwa mji na kubadili jina kuwa Neukölln mwaka 1912, kisha nacho kikaingia. Ukienda Richardplatz utakuta nyumba za chini za wakulima wale na karakana ya mhunzi, zimehifadhiwa kwa makusudi katikati ya mji mkuu. Karibu zaidi na Bukoba, Kampala iliiunganisha Mengo, makao ya Kabaka, pamoja na Kawempe na Nakawa mwaka 1968, na hadi leo mgogoro kati ya wenye ardhi ya mailo, umiliki wa kudumu wa Buganda, na wapangaji wenye vibanja juu yake haujaisha. Berlin ilipata muda na fedha za kuchagua cha kuhifadhi. Kampala haikupata, na gharama yake inalipwa mahakamani kila mwaka.

Bukoba ingali na nafasi ya kuchagua. Migomba yake bado ipo, tena ndani ya manispaa, na hilo si la kawaida kwa makao makuu ya mkoa. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mkazi wa mji kulima hadi ekari 3 na kufuga ng'ombe wasiozidi 4 kwa kuwafungia, kwa hiyo kibanja cha kawaida hakikuvunja sheria. Kinachokosekana ni kukiona kibanja kama matumizi halali ya ardhi ya mji, chenye rangi yake kwenye ramani kama ilivyo kwa shule na soko. Mipango mingi hukichukulia kama kiwanja kinachosubiri siku yake. Mteremko wa Kibeta wenye migomba hushika maji ya mvua ambayo bila hiyo yangeteremka moja kwa moja kwa watu wa chini. Hiyo peke yake ni hoja ya kutosha ya kuwashirikisha wenye bibanja katika mpango wa kuukinga mji na mafuriko, na kuwalipa kwa kazi hiyo ikibidi.

Mstari unaendelea kusogea. Nje ya manispaa, katika Wilaya ya Bukoba, huko Karabagaine, Katoma na Maruku, bado kuna vijiji kamili, vyenye halmashauri zao na mikutano mikuu yao, lakini madalali wa viwanja wamekwisha kufika. Kwa sheria ya 1999, ardhi ya kijiji haihamishwi kuwa ardhi ya kawaida bila wanakijiji kupewa taarifa na siku 90 za kutoa maoni, na eneo likiwa chini ya hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Fidia nayo imeainishwa katika kanuni za 2001: thamani ya ardhi yenyewe, majengo, mazao ya kudumu kama mibuni na migomba, posho ya usumbufu, usafiri, na kodi ya nyumba ya miezi 36 kwa anayehamishwa. Mwenye hati ya kimila iliyoandikwa majina ya mume na mke, yenye mipaka iliyopimwa na majirani wakaiwekea sahihi, ana cha kuonyesha mezani. Asiye nayo hutegemea ushahidi wa wazee, na wazee wa Maruku wanaokumbuka nani alipanda mramba upi mpakani wanapungua kila msimu wa senene.